Dhadi, Moja Juu

Hamburg,
9 Novemba 1963

Kwa Dada Kibibi binti Kombo,
Dunda, Bagamoyo.

Shikamoo Dada. Shemeji Mwinyijuma naye mfikishie shikamoo yangu, na umwulize mguu wake unaendeleaje. Sihaba na wadogo zake nawabusu wote. Mama mwamkie kwa ajili yangu. Najua hataitikia. Wewe itikia kwa niaba yake, nami nitajihesabia nimeitikiwa.

Mimi huku mzima. Baridi imeingia, na wenyeji wanasema bado haijaanza, maneno ambayo wameniambia kila mwaka kwa miaka minane sasa. Nimekonda kidogo, lakini usimwambie mtu, maana mtadhani sili. Nakula.

Sasa habari yenyewe. Dada, nimetoa santuri! Si zile ndogo zenye wimbo mmoja huku na mmoja kule. Hii ni kubwa, karibu upana wa sinia, ina nyimbo sita. Jina langu liko juu kwa herufi kubwa, Sadallah Kombo, na chini yake wenzangu wanne: wa piano, wa ngoma, wa tarumbeta, na wa lile zeze kubwa linalopigwa kwa kusimama. Kiongozi ni mimi. Mtu aliyetoka Dar akimenya viazi jikoni mwa meli, leo Wazungu wanne wanamtazama yeye awape ishara ya kuanza.

Tuliipiga mwezi wa Septemba, siku mbili, katika chumba kisicho na dirisha hata moja. Msitegemee gitaa wala kuimba. Najua kwenu jazi ni dansi, lakini hii ni jazi ya kukaa ukasikiliza. Mimi napiga saksafoni ya tenori, ile yenye sauti nzito ya kiume. Kuna wimbo unaitwa "Kibibi Ananuna". Ndiyo, ni wewe. Kuna "Njia ya Mkange", enzi zile tukienda kwa bibi kwa miguu. Na wa mwisho, upande wa pili, ni "Alifu Haina". Huo nimeutoa kwenye chuo cha Kurani cha Mama: alifu haina nukta, be moja chini, te mbili juu, hivyo hivyo mpaka mwisho, kama alivyokuwa akituimbisha barazani na kikoto mkononi. Wenzangu walidhani ni sala. Nikawaambia hamko mbali.

Ninaloomba ni hili. Kampuni itawaletea santuri moja kwa meli. Ikifika mpe Mama mkononi. Usimpigie kwanza, mpe aitazame. Kwenye jalada kuna picha yangu, nyuma yangu pana ubao, na ubaoni nimeandika kwa chaki, kwa herufi za Kiarabu alizonifundisha mwenyewe. Hizi za kizungu hazijui, na barua zangu zote humsomea wewe. Tangu nilipofika nyumbani nikakuta Baba ameshazikwa, nikaondoka bila Mama kunitamkia kitu, sijamwambia neno ambalo halikupitia mdomoni mwako. Hili ni lake. Sikwambii ni nini. Nangoja jibu lake.

Mdogo wako,
Sadallah


Bagamoyo,
22 Februari 1964

Mdogo wangu Sadallah,

Marahaba. Sisi sote tu wazima, tunamshukuru Mungu. Mguu wa Mwinyijuma unamruhusu kwenda msikitini lakini haumruhusu kwenda shamba, nami nimeacha kuuliza kwa nini. Sihaba amefaulu kuendelea na darasa la tano, anatembea mtaani na kalamu sikioni. Mambo ya Unguja umeyasikia redioni. Habari za shangazi hatujazipata, tunaomba heri.

Santuri imefika. Ilikaa forodhani Dar mpaka nikakata tamaa. Nimempa Mama mkononi kama ulivyosema. Ameipokea. Ameitazama sana.

Macho yake si mazuri siku hizi, la kushoto limeingia ukungu. Chuo kimefungwa kwa sasa, anapumzika.

Picha ni nzuri, shati limekukaa. Ila nikuulize: lile kovu lako la juu ya jicho, ulipoanguka kwenye ngazi za msikiti, si lilikuwa kushoto? Kwenye picha liko kulia. Ama huko Ulaya hata kovu hupanda meli likahama? Na hukukonda kidogo, umekonda sana. Usinifanye mtoto, mimi ndiye niliyekubeba mgongoni.

Mwaka huu korosho si nyingi. Mize, wifi yangu wa Miono, amejifungua mapacha, wote wa kike.

Dada yako,
Kibibi


Hamburg,
16 Machi 1964

Dada Kibibi,

Shikamoo. Mize mpe hongera mara mbili. Sihaba mwambie kalamu ni ya mkononi.

Tazama anwani nyuma ya bahasha, ni mpya, uandike kwa hiyo. Nimehamia mahali penye miti, patulivu.

Dada, wewe ukisimulia harusi hutaja mpaka rangi ya khanga ya mpishi. Kwenye jambo hili nililolingoja miezi minne umeniandikia "ameipokea, ameitazama" basi, ukarukia korosho. Alisemaje? Alisoma? Hata kama alitukana, niandikie tusi lenyewe.

Na chuo kufungwa ni nini? Baba alipokufa Mama alifunga siku tatu tu.

Kovu langu liko kushoto, nimelishika sasa hivi kuhakikisha. Mimi mwenyewe jalada hilo sijaliona. Majalada yalichapwa nikiwa nimeshahamia huku. Nimewaandikia kampuni waniletee moja.

Unijibu upesi, Dada. Nina sababu ya kusema upesi.

Sadallah


Bagamoyo,
5 Aprili 1964

Mdogo wangu Sadallah,

Marahaba. Nyumbani hatujambo. Nimeanza barua hii mara tatu na mara tatu nimeichana. Leo naandika mpaka mwisho, nawe usome mpaka mwisho.

Siku ile Mama alikuwa barazani, watoto kumi na mmoja mbele yake na mbao zao. Nikampa. Akafuta mikono kwenye khanga, akaipokea, akacheka, Sadallah. Wallahi alicheka. Akasema, "Mtazame huyu, mashavu yamekwisha." Kisha akauona ubao. Akaisogeza karibu na jicho. Kidole chake kikaanzia kulia, inavyosomwa, kikasimama. Akajaribu tena. Nami nikachungulia. Herufi zilikuwa zetu, lakini zimekwenda kinyume, zinaanzia kushoto, kila moja imeelekea kusiko kwake. Haikusomeka hata neno.

Unajua nani huandika hivyo. Tuliambiwa sote chuoni, na aliyetuambia ni Mama: anayeziandika herufi za Mwenyezi Mungu kinyumenyume ni mchawi, anataka kitu na yuko tayari kukilipia kwa imani yake.

Hakupiga kelele. Aliwaambia watoto waende kwao. Akanigeukia, "Nilimfundisha kuandika sawasawa. Leo ameniletea kinyume, tena anacheka." Anaamini umejiuza ili jina lako liandikwe kwa herufi kubwa. Nilipotaka kusema kitu akanikumbusha simu ya maandishi ya siku ile Baba alipokufa, niliyokupelekea mimi mwenyewe. Uliipata dansini Dar, ukaitia mfukoni, ukaendelea kupiga mpaka mwisho. "Aliyeweza lile anaweza na hili," akasema. Sikukutetea, maana hujanijibu mpaka leo kwa nini ulifanya vile.

Akaniamuru niichome. Tangu hapo hajakaa barazani. Wazazi wakija anawaambia macho hayaoni. Mimi ameniambia kweli yake: "Mkono uliomfundisha mchawi haufai kushika mkono wa mtoto wa mtu." Anashinda ndani. Chakula anakigusa tu.

Sikuichoma. Nilichoma boksi lililokuja nayo, akaona moshi akaamini. Santuri nikaipeleka Msata kwa Bwanaheri, shemeji yangu, mwenye duka pale mabasi yanaposimama. Ana gramafoni ya betri. Akaipiga. Watu waliokuwa wakingoja basi la Tanga wakauliza, "Jazi gani hii haina gitaa?" Mmoja akasema labda mwimbaji kachelewa gari. Mimi nilikaa juu ya gunia la mchele. "Kibibi Ananuna" nimekusamehe. Lakini "Alifu Haina" ilipoanza nililia mbele za watu, maana nilisikia kila herufi kwa zamu yake, nikasikia sauti ya Mama ndani ya lile dude. Na nikasikia jingine. Kati ya herufi na herufi unavuta pumzi, na pumzi haiji vizuri.

Unaumwa nini? Na pale ubaoni umeandika nini? Kama ni lile ninaloliogopa, niambie mimi, sitamwambia mtu. Nimekuficha mambo haya kwa kuwa sikujua nikuandikie vipi kwamba mama yako anakuogopa.

Kibibi


Hamburg,
3 Mei 1964

Dada Kibibi,

Shikamoo. Wote huko nawasalimu. Chukua kioo.

Barua yako na santuri ya kampuni vimenifikia wiki moja. Dada, wamegeuza picha! Fundi aliweka filamu upande usio wake, kulia kukawa kushoto. Hapa hapana mtu anayezijua herufi hizi, wao wanaona maua ya kupambia. Kovu langu limehama, vidole vyangu vimehama, na maneno yangu yamekuwa uchawi. Nilicheka mpaka nesi akaja kutazama kuna nini. Alipoondoka nikalia mpaka akarudi.

Ndiyo, nesi. Mahali penye miti ni hospitali. Ni kifua. Siku zile mbili za santuri nilikuwa nimeshaambiwa nisipige, nami nikaona nikilala kabla ya kuipiga sitaipiga tena. Umesikia mwenyewe. Fundi wa mitambo alitaka turudie "Alifu Haina" kwa sababu ya pumzi zile. Sikuweza kurudia.

Tarehe 12 Juni watanipasua, watoe pafu moja. Nilimwuliza daktari kama tenori hupigwa kwa pafu moja. Akasema kwanza tuzungumze habari ya kuishi. Kwenye kitanda cha jirani yupo Mturuki, mfanyakazi wa bandarini. Lugha hatuelewani, lakini tunasali pamoja na ananimenyea machungwa.

Nililoandika ubaoni ni maneno matatu: Mama nipe radhi.

Ni hayo tu, hakuna mengine. Nilitaka ayaone kwa herufi zake, kwa mkono wangu, asije akadhani wewe umeyatia sukari. Weka jalada mbele ya kioo, asome. Habari za kifua usimwambie, sitaki radhi ya kuhurumiwa. Barua ya ndege inafika kwa siku kumi na mbili. Nikiingia mle ndani nikiwa na radhi yake, watoe watakachotoa. Bila hiyo naogopa, Dada. Naogopa sana.

Sadallah


Bagamoyo,
8 Juni 1964

Sadallah wangu,

Marahaba, marahaba. Barua yako ya tarehe 3 Mei imenifikia tarehe 30. Masika ya mwaka huu yalikata barabara ya Dar wiki tatu, mifuko ya posta ikalala huko huko. Nimeisoma nimesimama pale pale dirishani kwa karani. Niliwaza kwenda mbio kwa Mama, lakini jalada lilikuwa Msata, na Ruvu ulikuwa umejaa, havuki mtu. Nimengoja siku tano maji yapungue. Nimekwenda posta nikupigie simu ya maandishi, hata maneno mawili. Waya umeanguka kwa mvua, wanasema labda wiki ijayo. Leo ni tarehe 8. Hesabu naijua. Naandika hivyo hivyo, huenda daktari akaahirisha, huwa wanaahirisha.

Juzi nilirudi na jalada nimelifunga ndani ya khanga. Mama alikuwa chumbani. Nilipolifungua akageuza uso ukutani, "Si nilisema uchome?" Nikamwambia Mama nigombeze baadaye. Nikakiteremsha kioo chake cha ukutani, nikakisimamisha mkekani, jalada nikaliweka mbele yake. Nikamwambia, "Usisome kitu. Tazama kovu la mwanao tu."

Akatazama. Kovu lilikuwa kushoto.

Akasogea kwa magoti mpaka pua ikakaribia kioo, akaweka kidole kwenye kioo chenyewe, akaanzia kulia. "Ma-ma," akasoma. "Ni-pe." Kisha akasita. "Rasi?" Akanigeukia. "Nimpe rasi? Rasi gani nimpe mimi, Rasi Dege?"

Mimi nilidhani yote yameharibika upya. Akarudi kutazama, na mara akapiga paja. "Hajatia nukta! Kibibi, hajatia nukta! Sadi haina, dhadi moja juu! Nimemchapa mara ngapi kwa nukta hii? Kila siku sadi, kila siku sadi, mtoto huyu!" Akacheka, akalia, na mimi sikuwa na nguvu ya kumbembeleza maana nilikuwa hivyo hivyo. Akasema, "Ni yeye. Ni mkono wake. Miezi minne namwita mwanangu mchawi kumbe kasahau nukta." Akajipiga kifua kwa ngumi, nikamshika mikono.

Nikamwuliza, "Basi nimwandikie nini, Mama?" Akasema usiandike kitu, nitaandika mimi. Akavuta sahani yake ya tambuu, akachovya kijiti cha kiberiti kwenye chokaa. Alitaka aitie nukta pale pale ubaoni kwako, juu ya dhadi, huku anatazama kwenye kioo asome. Sasa unajua kioo. Mkono ukienda kulia unaona kushoto. Akakosa. Akakosa tena, akaacha tone begani kwako, utaliona. Nilitaka kumshika mkono, akanikataza. "Hii ni yangu." Mara ya tatu ikakaa mahali pake. Akasoma yote tangu mwanzo kwa sauti ya chuoni: Mama nipe radhi. Akasema, "Sasa imekamilika. Mpelekee mwenyewe aone."

Nakuletea jalada lenyewe kwa ndege. Ile nukta nyeupe ni chokaa ya Mama, usiifute, ndiyo radhi yenyewe. Santuri imebaki hapa uchi, nimeifunga kwa khanga yangu.

Bwanaheri alikuja na gramafoni, tukampigia Mama "Alifu Haina". Alisikiliza akifuata kwa midomo, anasema umekwenda mbio mno kwenye sini na shini. Wimbo ulipoisha akauliza, "Mbona anahema?" Nikasema chombo ni kizito. Habari za kifua sijamwambia. Jumamosi anafungua chuo.

Sadallah, kosa ni langu. Ningekwambia Februari kweli ilivyokuwa, ungemwandikia upya kwa mkono wako. Niliona haya, na niliogopa, na labda niliona wivu kwamba jalada moja kutoka kwako limemchekesha kuliko mimi ninayemchotea maji kila siku. Nisamehe. Ukipona uje upige hapa barazani, hata kwa pafu moja.

Dada yako,
Kibibi


Hamburg,
11 Juni 1964, asubuhi

Dada Kibibi,

Shikamoo. Salamu kwa shemeji, kwa Sihaba, kwa mapacha wa Mize ambao sasa wameanza kucheka bila shaka.

Barua kutoka kwenu haijafika. Najua ni mvua, kila mwaka ni mvua. Nimemwomba nesi anitazamie tena posta ya saa nne, amerudi mikono mitupu na peremende. Kesho ndiyo siku.

Nimeamua kukujibu lile ulilouliza, kwa kuwa leo nina nafasi. Siku ile tulikuwa katikati ya wimbo, tarishi akanifuata mpaka jukwaani. Nikaitia simu mfukoni bila kuifungua. Nilijua ni Baba. Niliona nisipoifungua Baba hajafa, na wimbo ukiisha itabidi niifungue, basi nikawa siachi wimbo uishe. Wenzangu walichoka. Watu wakachoka kucheza. Mimi napiga. Kwa hiyo Mama alisema kweli, nilipiga mpaka mwisho. Lakini haikuwa kwa furaha, Dada. Nilishindwa kumweleza siku ile, na kila mwaka uliopita ulizidi kunifunga mdomo. Msomee hii.

Jambo la pili ni la kuchekesha. Jana Mturuki wangu ameniazima kioo chake cha kunyolea, nikaligeuzia jalada nione mlichokiona nyie. Nimesoma, nikaona aibu mpaka masikio. Sikutia nukta ya dhadi! Umri wote huu, mbele ya mwalimu wangu, tena kwenye kitu kilichochapwa mamia. Nimemwomba Mama rasi.

Mwambie asinichape. Mwambie anitilie yeye, kwa mkono wake, basi nitajua.

Naacha hapa, wanakuja kunipima.

Mdogo wako,
Sadallah


Bagamoyo,
9 Julai 1964

Mdogo wangu Sadallah,

Marahaba.

Leo karani wa posta amenipa bahasha mbili kwa pamoja. Moja ni barua yako ya tarehe 11. Ya pili ni yangu, ile ya jalada, imerudi. Imefunguliwa na kufungwa tena, ina muhuri wa huko na kikaratasi cha hospitali kwa Kijerumani. Nikaenda misheni kwa Padre anayejua lugha hiyo. Alisoma kimya kwanza, akaniletea kiti. Umefariki tarehe 12, saa sita mchana, hukuamka. Barua yangu imefika tarehe 22. Chini kuna mstari kwa mkono wa mtu, labda yule nesi wako: kwamba Mturuki wa kitanda cha pili alikuja na wenzake sita kutoka bandarini wakakuosha wakakuswalia. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Siwajui majina lakini nawaombea.

Jalada lako nimelifungua. Nukta iko pale pale, haikufutika. Nimeitazama sana.

Nilipofika nyumbani Mama alikuwa barazani na watoto wake. Sasa wako kumi na watatu. Akaona bahasha mkononi mwangu, akawaambia wanyamaze, "Someni kimya, Sadallah ameandika." Nikasimama pale. Sikuweza, Sadallah. Kesho ni Ijumaa, baada ya sala Mwinyijuma atakuja na wazee, nitamwambia, tutakusomea hitima. Nimempa leo tu, siku moja.

Nikamsomea barua yako yote. Ya simu aliisikiliza ameinamisha kichwa, akasema, "Alikuwa mtoto. Ningemwuliza, kwa nini sikumwuliza?" Ya nukta nilipomsomea, kwamba umesahau, na kwamba amtilie mwanawe kwa mkono wake, alicheka mpaka watoto wakacheka naye bila kujua sababu. Akaniambia nikae niandike sasa hivi, yule asikae akingoja.

Nimemwambia nitaandika, na kweli naandika, nimeketi hapa pembeni yake na watoto wamerudia kuimba. Sijui nikiimaliza nitaipeleka wapi. Nadhani nitaitia ndani ya jalada pamoja na santuri.

Ujumbe wa Mama ni neno moja, nami naliandika alivyolitoa. Anasema: nimeshatia.

Dada yako,
Kibibi